Mjukuu wangu "anachukua baada ya" babu yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiingereza shule za msingi hapa Tanga miaka 31, na siku hizi kazi yangu ni kukagua madaftari ya wajukuu, kazi ambayo hakuna aliyenituma.

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa darasa la tano, anayesoma shule ya Kiingereza (ada yake naijua vizuri, nusu naitoa mimi), alinifuata jikoni nikikaanga bagia. "Bibi, eti mimi nachukua baada ya babu?" Nikamuuliza anachukua nini. Akanipa karatasi waliyogawiwa darasani, vitenzi vya "take" na Kiswahili chake. "Take off", kupaa. Haya, ingawa wamesahau kuvua viatu. "Take over", kushika madaraka. Sawa. "Take after", kuchukua baada ya.

Bagia ziliungua upande mmoja.

Mhariri, neno hilo ni kumfuata mzee wako kwa sura au kwa tabia, na Kiswahili chake tunacho kila siku misibani na harusini: huyu kamfuata mama yake, yule kamfuata babu yake mtupu. Kinachochekesha ni kwamba hiyo "after" hapo haina habari ya saa wala zamu, ni ya kufuata, kama wanavyosema "named after" kwa mtoto aliyepewa jina la shangazi yake. Wao na sisi tumepita njia ileile, aliyepotea ni mtafsiri.

Nikaenda shuleni. Mwalimu ni kijana mwenye adabu, akaniamkia, akanipa kiti, akakubali kosa papo hapo, akachukua kalamu akaandika: kuiga. Kuna msemo wetu wa aliyeruka mkojo. Mwisho wake siuandiki gazetini.

Kuiga ni kwa anayeona. Mtoto huyu babu yake hakumkuta, alifariki miaka mitatu kabla hajazaliwa. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa stoo, na akijumlisha hesabu alikuwa na mtindo wa kulikunja sikio la kushoto kwa ndani, kama anayefunga bahasha, halafu analiachia linafyatuka lenyewe. Nilimkataza maisha yote ya ndoa yetu. Sasa huyu mjukuu, akifika kwenye hesabu za sehemu, mkono unapanda wenyewe kwenye sikio lilelile, analikunja, analiachia. Baba yake hafanyi hivyo. Shangazi zake hawafanyi. Nani kamfundisha? Basi hiyo ndiyo "take after", na nilimwambia mwalimu hivyohivyo, mpaka nikamwonyesha kwa sikio langu.

Nikamwongezea kwamba babu hawezi kusemwa "takes after" mjukuu, wala mtu hasemwi hivyo kwa jirani yake. Tena viatu utavitia katikati, "take your shoes off", lakini babu hatiwi katikati ya "take" na "after", anakaa mwisho. Akasema chuoni hawakuambiwa. Nilimwamini, maana hata sisi tuliambiwa tukariri tu.

Na watoto wetu mchezo huu wanao mdomoni tayari. Fuata, fuatana, fuatilia. Chukua, chukuana, chukuliana. Mkia mdogo tu, maana imeshahama. Mwalimu akianzia hapo, ataona hata wale wa nyuma wanainua mikono.

Nimeambiwa karatasi zitachapwa upya muhula ujao. Ikirudi nyumbani kwangu imeandikwa "kuiga", Mhariri, nitakuomba nafasi tena.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga