Sanamu za mateso zisibanwe ukutani

Mhariri,

Ombi kwa waandaaji wa maonyesho ya sanamu hapa Arusha, hasa yanayohusu mateso ya binadamu: msizipange ukutani kama makabati. Acheni walau mita moja nyuma yake, mtu azunguke. Uchungu mara nyingi uko mgongoni, mbavuni na visiginoni, wala si usoni.

Mpingo ni mweusi, humeza mwanga. Taa ikiwa juu moja kwa moja, macho ya sanamu hugeuka mashimo matupu. Isogezeni pembeni, nyuzi 45 hivi, alama za patasi zionekane. Dirishani penye jua, hapana: ncha za gogo hukauka upesi kuliko ndani, ufa unafunguka, na gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao huuficha kwa muda tu.

Kimo nacho kinasema. Sanamu za kumbukumbu ya watumwa pale Mkunazini, Zanzibar, alizozitengeneza Clara Sörnäs mwaka 1998 kwa zege, zimewekwa shimoni, na minyororo shingoni. Mtazamaji hana budi kutazama chini. Kwetu kila sanamu inapandishwa mezani, tena juu ya kitambaa cha satini!

Maelezo nayo yaandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila kuinama.

Wachongaji,
Arusha