Virusi vya mafua havijazoea dawa

Ndugu Mhariri,

Katika safu ya maswali ya sayansi ya gazeti lako, msomaji mmoja aliuliza kwa nini mafua hayaponi kwa viuavijasumu, ilhali dawa hizo hizo humponya mtu mwenye kidonda kilichotunga usaha. Alijibiwa kwamba vijidudu vya mafua vimeshazoea dawa. Jibu hilo ni jepesi kukumbukwa, na hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa atakayelishika ataamini kwamba anachohitaji ni dawa kali zaidi ya ile ya awali.

Kuzoea dawa, au usugu kama waitavyo wataalamu, hutokea pale ambapo dawa iliyokuwa ikiua viumbe fulani inashindwa kuwaua wazao wao waliopata njia ya kuikwepa. Virusi vya mafua havijawahi kuuawa na viuavijasumu hata mara moja, kwa hiyo hapakuwa na cha kuzoea. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928 alipoona ukungu ukizuia bakteria kuota katika kisahani cha maabara, huvuruga ujenzi wa ukuta wa seli ya bakteria, na bakteria anayekua huku ukuta wake haukamiliki hujaa maji hadi akapasuka. Seli za binadamu hazina ukuta wa namna hiyo, zina utando laini tu, na ndiyo sababu dawa hiyo hupita mwilini ikaua bakteria bila kuzigusa seli zetu (mwenye mzio nayo ana habari nyingine). Viuavijasumu vingine, kama tetrasaiklini, hulenga ribosomu, yaani mitambo midogo ambamo seli huunda protini zake, na ribosomu za bakteria zinatofautiana na zetu kiasi cha kuiwezesha dawa kuzibagua.

Kirusi hakina ukuta huo wala ribosomu. Hakili, hakipumui, hakikui. Ni maelezo ya urithi, ama DNA ama RNA, yaliyofungwa ndani ya gamba la protini, na baadhi ya virusi huwa na utando wa mafuta juu ya gamba hilo. Kikiwa nje ya seli hakitendi lolote. Kikishaingia, huzitumia ribosomu za seli yetu wenyewe kuunda nakala zake. Dawa ya kubomoa ukuta itafanya nini mahali pasipo na ukuta?

Nadhani kosa hili linatokana na neno "vijidudu", ambalo safu yako hulitumia kwa bakteria wa kipindupindu, virusi vya surua na vimelea vya malaria bila kubagua. Vimelea vya malaria ni seli zenye kiini kama seli zetu, na vina dawa zake mahsusi. Hata kwa ukubwa tu, virusi na bakteria havikaribiani: virusi vya kundi la raino, ambavyo husababisha sehemu kubwa ya mafua ya kawaida, vina upana wa nanomita 30 hivi, kwa hiyo zaidi ya 30 vingeweza kujipanga mstari mmoja ndani ya mikromita moja (yaani nanomita 1,000), ambayo ndiyo upana wa bakteria wengi. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky alichuja utomvu wa majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa kichujio kinachonasa bakteria, na utomvu uliopita ukaendelea kuambukiza. Mwaka 1898 Martinus Beijerinck alisisitiza kwamba hicho kilichopita ni kitu cha aina tofauti na bakteria, akakiita kwa neno la Kilatini lenye maana ya sumu. Kiswahili kililipokea neno hilo kikalitia katika ngeli ya kitabu na vitabu, tukapata kirusi na virusi. Jina tunalo, basi tulitumie.

Sidai kwamba virusi havina dawa, wala kwamba haviwezi kuwa sugu. Dawa za VVU huzuia, miongoni mwa mengine, kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) ambacho kirusi hicho hukitumia kunakili RNA yake kuwa DNA, na VVU huweza kuwa sugu kwa dawa hizo, ambazo ni zake hasa. Tena daktari anaweza kumwandikia viuavijasumu mgonjwa aliyeanza na mafua, iwapo bakteria wamemvamia mapafu baadaye. Anayevimeza kwa mafua matupu, hata hivyo, huwafikishia dawa bakteria wanaoishi utumboni na kwenye ngozi yake. Walio dhaifu hufa, walio sugu hubaki na kuzaana, na siku akipata maradhi ya bakteria kwa kweli, huenda dawa ile ikashindwa. Usugu upo, Mhariri, ila unazaliwa kwa hao bakteria ambao hawakuhusika na mafua yake.

Naomba swali lile lichapishwe upya, likiwa na jibu linalotaja virusi kwa jina lake na kumweleza muulizaji kwamba mafua ya kawaida hushindwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, mara nyingi ndani ya siku 7 hadi 10.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa baiolojia