Krori si milioni: barua kwa vijana mnaotafiti India

Wanangu,

Juzijuzi nilialikwa kwenye warsha ya chuo kimoja, kama tunavyoalikwa wastaafu, tukae mstari wa mbele tupambe ukumbi. Kijana mmoja, suti safi, maneno laini, akatuonyesha slaidi ya jimbo la Bihar. Imeandikwa: watu milioni 13. Nikavua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Milioni 13 ileile! Hesabu ya jimbo hilo ya 2023 ilipata watu krori 13 na ushee, na krori moja ni laki 100, yaani milioni 10. Bihar ina watu zaidi ya milioni 130, mara mbili ya Tanzania nzima kwa sensa yetu ya 2022 na chenji inabaki. Kijana kameza watu milioni 117 kwa slaidi moja, na ukumbi ukapiga makofi. Chakula cha mchana kilikuwa tayari.

Kukosea hakukuniuma, nami nimekosea mengi. Kilichoniuma ni kwamba sisi ni watu wa laki. Dalali wa Kariakoo anasema laki, mama lishe anasema laki, neno lililovuka bahari kutoka hukohuko kabla babu zetu hawajazaliwa. Halafu msomi wetu anakwenda India na kuliacha uwanja wa ndege, kisha anasoma ripoti za Kiingereza hotelini, tena kwa posho.

Namba ina mwenyewe, wanangu. Ulizeni nani kahesabu, nani karukwa.

Mwaka 2018 nilikuwa kijiji kimoja cha jimbo la Jharkhand, mwendo wa basi la asubuhi kutoka Ranchi, mji mkuu wa jimbo. Tulisimama kwenye duka la mgawo. Ninyi hamkuyajua, sisi mwanzoni mwa miaka ya themanini tulipanga foleni ya sukari huku jiwe likimshikia mtu nafasi. Kule mgawo ni kilo 5 za nafaka kwa kila mtu kwa mwezi, kwa sheria ya 2013, lakini kwanza uweke kidole kwenye kimashine kinachokilinganisha na Aadhaar, namba yako ya utambulisho wa taifa. Bibi mmoja akaweka. Kikakataa. Akakifuta kidole kwenye upindo wa sari, akaweka cha pili, cha tatu. Kimashine kikakataa. Muuza duka akaangalia pembeni. Kidole cha mtu aliyepandikiza mpunga maisha yake yote kimelainika kama sabuni iliyokwisha, mistari itoke wapi? Bibi akakunja mfuko wake mtupu, akaubana kwapani, akaondoka. Ukiisoma ripoti ya mwezi ule ukiwa Delhi, utaona tu nafaka ambayo haikuchukuliwa.

Na huyo walau alihesabiwa. Sensa ya 2021 haikufanyika, kwa hiyo idadi ya wanaostahili mgawo iliendelea kukokotolewa kwa sensa ya 2011, kana kwamba watu waliacha kuzaana. Mchumi Jean Drèze na wenzake walikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 100 wameachwa nje kwa sababu hiyo. Krori 10. Sasa mnaona kwa nini nilivua miwani?

Kuna neno jingine linalotuponza: tabaka. Tunaliita tabaka la mwenye kiwanda na mfanyakazi, tena tunaliita tabaka lile la kuzaliwa nalo. Hayo ni mambo mawili. La kuzaliwa liiteni jati, na mjue kuwa hesabu kamili ya mwisho ya jati ya nchi nzima iliyochapishwa ni ya 1931, enzi za Mwingereza. Ndiyo maana Bihar, katika hesabu yake ile ya 2023, ilipotangaza kwamba makundi ya jati yaliyoachwa nyuma ni asilimia 63 ya watu wake, siasa za Delhi zilitikisika.

Mengine nayataja haraka, nimechoka kufoka. Jifunzeni lugha moja ya huko, hata ya kununulia nyanya. Jimbo la Kerala si Bihar. Kumfahamu Mhindi mwenye duka la vitambaa, aliyezaliwa Dar na baba yake pia, hakukufanyi mtaalamu wa India. Mnaoandika uhusiano wa kikanda, SAARC, jumuiya ya ushirikiano wa nchi za Asia Kusini, ilizaliwa Dhaka 1985, lakini wakuu wake hawajafanya mkutano wao tangu Kathmandu 2014. Msiieleze kama Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, ambayo nayo ina homa zake. Mkataba wa maji ya Ganges kati ya India na Bangladesh ulisainiwa 1996 kwa miaka 30. Pigeni hesabu wenyewe. Na someni jinsi nchi hizo mbili zilivyobadilishana mwaka 2015 vipande 162 vya ardhi, kila kimoja kikiwa cha nchi moja lakini kimezungukwa na nyingine, hata watu wake walikuwa wakiishi ndani ya nchi ya jirani bila kuhama.

Tena, wekeni nakala. Mwanaanthropolojia wa India M. N. Srinivas alikaa kijijini Rampura mwaka 1948, na mwaka 1970 madaftari aliyokuwa ameyachambua yakaungua Marekani. Aliandika kitabu chake kwa kumbukumbu. Ninyi hamkumbuki hata namba za simu za mama zenu.

Yule kijana wa slaidi, kama unasoma, sina kinyongo nawe. Nina madaftari saba ya Jharkhand sandukuni, mwandiko mbaya lakini unasomeka. Njoo uyachukue. Asubuhi nakuwa kliniki ya sukari, jioni nipo barazani.

Babu yenu, mwalimu mstaafu