Shosti, ile "si" niliimeza mimi

Shosti wangu,

Mambo? Najua meseji zako zimekaa wiki nzima hazijajibiwa, na si kwamba nilikuwa bize. Nilikununia. Wewe hata hukujua umenuniwa, na sasa naandika nikiwa na aibu zangu.

Unakumbuka kwenye mwongozo wetu ile sentensi ya "Usizime mashine kabla bakapu haijaisha"? Profesa kanipigia simu anacheka hana mbavu, kaikuta imeandikwa "Uzime mashine kabla bakapu haijaisha". Herufi mbili tu, mwongozo umegeuka wa kuua mafaili ya watu. Nikakimbilia git blame, ile amri ya Git (programu inayotunza historia ya mafaili yetu) inayoonyesha nani aligusa kila mstari mwisho, mstari una jina lako. Basi nikanuna.

Jana usingizi ukakataa, nikaandika git log -S Usizime, ile inayotafuta neno lilitoweka kwenye komiti gani, yaani badiliko lipi lililohifadhiwa na maelezo yake. Komiti iliyotoka ni yangu. Yangu mimi shosti, na nilikuwa nimeandika kwa mbwembwe "nimerekebisha lugha".

Wewe siku ile ulibadilisha neno moja, "mtumiaji" ikawa "watumiaji", ukabonyeza M-q kama kawaida yako, Emacs, programu yako ya kuandikia, ikaipanga aya upya kwa herufi 70 kila mstari, mistari yote ikasogea na Git ikahesabu yote umeiandika wewe. Na mimi kabla yako nilifanya hivyo hivyo kwa amri ya gqap kwenye Vim, programu yangu ya kuandikia, ila yangu nimeiseti 72, ndiyo maana "si" ilipodondoka sikuiona, difu, ule ulinganisho wa kabla na baada, ilikuwa nyekundu juu kijani chini aya nzima, nani atasoma? Yaani hata tusipogusa neno, 70 yako na 72 yangu zinatosha, aya inahama tu kwako kwangu, kwako kwangu.

Sasa nina ombi, usinune na wewe. Tuache kupanga aya kwa mkono, kila sentensi ikae mstari wake hata ikiwa ndefu kama reli, kukunja tuiachie skrini: wewe washa visual-line-mode, mimi nina linebreak. Kwenye Markdown, ule mtindo wa alama tunaoandikia mwongozo, enta moja haihesabiki, aya inaisha ukiacha mstari mtupu, kwa hiyo msomaji haoni tofauti yoyote. Wala si wazo langu, Brian Kernighan, mtaalamu wa kompyuta, aliwashauri watumiaji wa mfumo wa Unix hivyo tangu 1974. Ukigusa sentensi moja, difu inaonyesha hiyo moja, na "si" ikidondoka inalia.

Halafu zile spesi mbili zako baada ya nukta. Nimekucheka miaka mingi kwamba umezaliwa ndani ya taipureta, leo nakiri una hoja. Mimi nikibonyeza ) niruke sentensi, Vim inasimama kwenye "Dk." ikidhani nimemaliza kusema, kwenye "n.k." inasimama tena. Emacs yako inasubiri spesi mbili ndiyo iamini sentensi imeisha, na ukiipanga aya haikati mstari baada ya "Dk." ukamwacha daktari peke yake pembeni. Akili hiyo, sikatai. Lakini kwenye ukurasa wa wavuti spesi mbili zinaonekana moja tu, kwa hiyo unamfanyia Emacs, si msomaji. Na tukihamia sentensi moja kila mstari kuna mtego: spesi mbili mwishoni mwa mstari, Markdown inaelewa umetaka kuvunja mstari hapo kwa lazima. Sasa kile kidole gumba chako kinachogonga spesi mara mbili kabla hakijaambiwa, ukimaliza na enta, ukurasa utatoka umekatika-katika kama shairi! Nikawaza niweke programu ya kufuta spesi za mwishoni wakati wa kusevu, ila sehemu nyingine tumezivunja kwa makusudi, zile anwani... hapo bado sijapata jibu.

"Si" nimeirudisha, komiti ya peke yake, mstari mmoja.

Niambie basi, unakubali au tuendelee kupigana 70 na 72? Kidole chako kinafundishika? Tubadilishe mwongozo wote siku moja kwa komiti moja, au sura kwa sura? Profesa atamwambia nani mwingine, au keshamwambia? Na wewe, siku zote hizo, kweli hukuhisi kitu?

Wako mwenye haya,
mimi