Taasisi ya utafiti wa tiba Kigoma: kanuni zitangulie majokofu

Ndugu Mhariri,

Kampasi ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili inajengwa mkoani kwetu, na mazungumzo ya mitaani ni majengo, mabweni na ajira. Sisi tunaomba nafasi tuzungumzie jambo litakalofuata. Palipo na chuo cha udaktari, mapema au baadaye huzaliwa taasisi ya utafiti wa tiba: inayopima dawa na vipimo kwa wagonjwa, kisha kuhakikisha matokeo yanafika hadi zahanati. Taasisi hiyo itasimama au itaanguka kutegemea nani ameshika ufunguo gani.

Mkurugenzi wa taasisi ya namna hii aghalabu ni profesa ambaye mwenyewe ni mtafiti mkuu wa miradi miwili au mitatu. Akiwa ndiye anayegawa ruzuku ndogo kwa watafiti chipukizi, ndiye anayesaini malipo, na msaidizi wake ndiye katibu wa kamati ya maadili, ile inayokagua kama utafiti unalinda haki na usalama wa wagonjwa, hata kama wote ni watu wema, hakuna aliyebaki wa kusema hapana. Mkurugenzi awajibike kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayesimamia utafiti. Kamati ya maadili isiwe chini ya mkurugenzi hata kidogo, wala bajeti ya kamati isipitie mezani kwake.

Mwongozo wa kimataifa wa majaribio ya dawa unataka kamati ya maadili iwe na wajumbe wasiopungua 5, akiwemo mmoja asiye mwanasayansi na mmoja asiyefungamana na taasisi. Hao wawili ndio hugeuzwa wa kujaza viti. Wanapewa andiko zima la utafiti, la Kiingereza, jioni ya kuamkia kikao, halafu muhtasari unaandika "wajumbe wote waliridhia". Wapewe siku 14 na ufupisho wa Kiswahili. Mjumbe mwenye mkono katika mradi unaojadiliwa atoke chumbani, muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi, na akidi ihesabiwe upya bila yeye. Likikosekana hilo, mkaguzi yeyote makini atakishuku kibali chote.

Kibali cha chuo peke yake hakitoshi. Andiko linapaswa kwenda kwenye Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na jaribio la dawa lipate pia idhini ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Baada ya hapo kuna barua za mkoa na halmashauri, ambazo watafiti wengi huziona kama usumbufu tu. Kumbe Mganga Mkuu wa Wilaya asipojua mapema, mradi unamchukua mteknolojia wa maabara kwa posho nzuri, na slaidi za malaria za wagonjwa wa kawaida zinabaki mezani hadi jioni. Mkataba useme wazi ni saa ngapi za mtumishi zinanunuliwa, nani anaziba pengo lake, na hospitali ya wilaya inapata asilimia ngapi ya fedha za uendeshaji zinazoambatana na ruzuku.

Fedha ndipo miradi mingi inapokwama, wala hatuzungumzii wizi. Mtafiti hajarejesha masurufu ya awamu ya kwanza, basi ya pili inazuiwa. Ombi la vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, linazunguka ofisi za manunuzi makao makuu. Vikifika Kigoma vimebakiza wiki chache kabla ya kuisha muda. Wagonjwa walioandikishwa wanaambiwa waje wiki ijayo, na nusu yao hawarudi tena. Tunashauri kampasi iwe na afisa manunuzi na mhasibu wake, wenye kiwango cha malipo wanachoruhusiwa kuidhinisha hapa hapa, na mkaguzi wa ndani anayeripoti kwa Baraza la Chuo.

Kuhusu sampuli za wagonjwa: chupa ziwe na namba tupu, na orodha inayounganisha namba na majina ikae kwa mtu asiyeshika ufunguo wa jokofu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu watafiti pia. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri linataka jenereta, na swali ambalo bajeti nyingi hulikwepa ni hili: ruzuku ikiisha, nani ananunua dizeli?

Fomu ya ridhaa itafsiriwe kutoka Kiswahili kwenda Kiha, kisha mtu mwingine ambaye hajaiona ya awali airudishe katika Kiswahili, na kila tofauti ijadiliwe. Asiyejua kusoma aweke dole gumba mbele ya shahidi asiyelipwa na mradi. Muuguzi wa mradi hawezi kuwa shahidi huyo.

Usalama nao una hesabu zake. Kifo kisichotarajiwa kinachodhaniwa kuletwa na dawa ya majaribio, mfadhili ana siku 7 kukitolea taarifa ya kwanza. Mshiriki akifia nyumbani kwake Kakonko, siku hizo hazianzi kuhesabiwa mpaka mradi upate habari. Kwa hiyo mhudumu wa afya wa kijiji awe na namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana.

Tumalizie na malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o na unaofahamika Kibondo, Kasulu na hata Urambo, na ambao kituo cha NIMR cha Tabora kimeshughulika nao miaka mingi. Ukishaingia kwenye ubongo, dawa yake ilikuwa sindano ya melarsoprol, yenye aseniki, ambayo ni sumu, iliyoua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa siku 10 pamoja na chakula, vilijaribiwa kwa malale ya aina ya kwetu huko Malawi na Uganda kwa wagonjwa 45, na Desemba 2023 vikapata maoni mazuri ya mamlaka ya dawa ya Ulaya. Toka hapo hadi kwenye rafu ya kituo cha afya ni kazi nyingine: mwongozo wa tiba, mafunzo, darubini, na mtu wa kusimamia mgonjwa akimeza. Bodi ya taasisi isipokuwa na kiti cha Mganga Mkuu wa Mkoa na cha wawakilishi wa jamii wenye kura, hatua hiyo haitakuwa kwenye ajenda ya mtu yeyote.

Ombi letu kwa uongozi wa chuo: kabla mradi wa kwanza haujaandikisha mgonjwa, kanuni hizi zichapwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye mbao za matangazo za zahanati, pamoja na namba ya simu ya katibu wa kamati ya maadili.

Wahakiki wa tafiti za afya,
Ujiji, Kigoma