Baba mguu umevimba, karatasi ya mtoto ndiyo mbaya

Papa mmoja aliingia labo kwetu, hapa Kadutu, mjini Bukavu, amevaa kiatu mguu wa kulia na kambambili mguu wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa chekundu, kimevimba mpaka kinang'aa. Usiku, alisema, hata shuka lilikuwa linamuumiza, akalitupa chini. Mtoto wake, kijana wa miaka 30 na kitu, alikuwa amemshika mkono. Akatuambia: "Babu alikuwa na mguu huu. Baba naye ni hivi. Mnipime na mimi."

Tukawapima wote wawili. Majibu yalipotoka, baba alikuwa na asidi ya yuriki 6.3, mtoto 7.4. Walitutazama kama watu waliobadilisha tubu.

Hatukubadilisha. Ugonjwa huu ni jongo, ambao huku Bukavu tumezoea kuuita kwa Kifaransa, goutte. Wakati maumivu yamewaka, kipimo cha damu kinaweza kushuka kikaonekana kizuri. Ndiyo maana tulimwambia papa arudi baada ya wiki mbili au tatu, mguu ukishatulia.

Sasa mtoto. Kinachorithiwa hapa si mguu, ni figo. Mwili hutengeneza asidi ya yuriki kila siku, na sehemu kubwa hutoka kwa mkojo. Kuna familia ambazo figo zao zinaibana, haitoki vya kutosha. Ikipita kama miligramu 6.8 kwa desilita ya damu, inaweza kuanza kuganda chembechembe kama sindano ndani ya viungo, hasa vya mguuni ambako kuna baridi. Inaweza kukaa hivyo miaka mingi bila mtu kusikia chochote. (Wanaosema mzee alikanyaga dawa ya jirani, watueleze: huyo jirani amekuwa akiwindana na vizazi viwili, babu na baba, mguu uleule?)

Kwa hiyo ukituuliza dalili za mwanzo kabla ya maumivu, jibu la kweli ni kwamba mguuni hakuna. Kilichopo ni historia ya ukoo na namba ya damu. Lakini mara nyingi tukimuuliza mtu vizuri, anakumbuka: mwaka juzi kidole kiliuma usiku, akasema kiatu kilimbana, baada ya wiki kikapona chenyewe. Hilo pengine ndilo lilikuwa shambulio la kwanza. Hupoa hata bila dawa, na sifa anachukua aliyekupaka majani. Mwingine aliwahi kuumwa jiwe la figo. Mambo hayo mawili, yaseme unapofika kwa muganga wa hospitali.

Kabla ya kuogopa karatasi, tazama kipimo kilichoandikwa pembeni ya namba. Labo nyingine huandika miligramu kwa lita, na hapo 65 ni sawa na 6.5 yetu. Mama mmoja alitujia analia kwa sababu ya 58. Ilikuwa 5.8, hali nzuri kabisa.

Na namba ya juu peke yake si ugonjwa. Wengi walio nayo hawapati jongo maisha yao yote. Tunalisema hili wazi kwa sababu tunaona watu wanatoka hapa moja kwa moja famasi kununua alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki, bila muganga. Dawa hiyo ni nzuri kwa anayeihitaji, ila kuna watu inawatoa vipele vibaya vya kuhatarisha maisha. Diklofenaki, dawa ya maumivu, ukiinywa kila siku nayo inaweza kuharibu figo zilezile tunazozizungumzia.

Chakula? Punguza biya, kasiksi (pombe ya ndizi), soda, maini na nyama nyingi. Samaki wadogo wa ziwani, sambaza, nao wamo, lakini hatukukatazi sahani moja. Maharage yaache yalivyo, hayana kosa. Maziwa ni mazuri. Ila usimlaumu baba kwamba alikula vibaya, maana urithi una nguvu kuliko sahani. Na kama unakunywa dawa ya tansiyo (presha) ya kukojoza, muulize muganga aliyekuandikia, kwa kuwa baadhi zinapandisha yuriki. Usiikate mwenyewe.

Watoto wadogo hatuwapimi kwa ajili ya hili, hata mzazi akilipa. Dada zenu ambao bado wanaona siku zao, homoni inawalinda kwa kiasi kikubwa. Hatari yao huongezeka baadaye. Mwanaume mzima mwenye baba au kaka mwenye jongo, huyo aje, hasa kama ana tansiyo au uzito mkubwa. Tunatoa damu asubuhi, na bei imebandikwa mlangoni.

Kijana hatukumpa dawa. Tulimtuma kwa muganga apimwe tansiyo na figo, tukamwandikia tarehe ya kurudi. Papa alirudi wiki ya tatu, viatu vyote viwili mguuni. Yake ilikuwa 8.9.