Maganga, usifungue nati hiyo kwanza

Ujiji, Kigoma
18 Oktoba

Ndugu yangu Maganga,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo. Mama Zuhura anakusalimu, na anauliza kama shemeji amepona yale malaria. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Nimeona nikujibu kwa barua, maana mambo haya kwa simu hukatika katikati, na barua utaiweka kwenye boksi la spana uirudie ukiwa kazini.

Hongera kwa kazi ya hiyo gesti. Kushusha viyoyozi tisa vya zamani na kufunga vipya ni kazi ya kumtoa fundi kwenye mazoea ya kuitwaitwa kufagia filta. Ila umeniuliza swali moja likaninyima usingizi: "Hamisi, nikilegeza tu nati, gesi ikajitokea yenyewe juu ya bati, kuna ubaya gani? Ni dakika kumi tu."

Ubaya upo, na nitakueleza wote. Kwanza nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia.

Nilipokuwa bado nabeba boksi la fundi wangu, tuliitwa kwenye chumba baridi cha mnunuzi mmoja wa samaki, upande wa Kibirizi. Bomba lilikuwa limetoboka. Fundi akafungua, gesi ikalia weee mpaka ikanyamaza, naye akaamini imeisha. Chumba hakina dirisha, mlango tumeurudisha ili jua lisiingie. Akawasha moto wa kuchomelea. Mimi nilikuwa nimeshika bomba kwa koleo, uso wangu hauko mbali na ule moto, nikaona rangi ya bluu inageuka kijani, kijani kibichi kama manyoya ya kasuku. Nikaona ni kitu kizuri. Kisha ikaja harufu kali, chachu, ikapanda puani na kushuka kifuani kama mtu amenimwagia siki kwenye mapafu. Tulitoka mbio tukaanguka kwenye mchanga nje. Nilikohoa siku tatu, na usiku wa kwanza mama alikaa macho akinipigia upepo.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipofundishwa ile kijani ilikuwa nini. Gesi ya R-22, ile ya viyoyozi vya zamani, ina klorini na florini ndani yake. Ikiwa baridi imetulia, haina harufu ya kukustua wala haiwaki kwa urahisi. Ikikutana na moto inavunjika na kuzaa asidi, na pamoja nayo fosijini, sumu ileile waliyopigana nayo Wazungu katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Moto kugeuka kijani ni klorini imekutana na shaba ya moto. Kwa hiyo Maganga, siku yoyote ukiona moto wako umekuwa kijani, zima, toka nje, mvute na kijana wako kwa kola. Na bomba la kiyoyozi usilikate kwa moto kabisa. Tumia kikata bomba, baada ya gesi kunyonywa yote.

Jambo la pili, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikimwagika chumbani inalala chini, inaisukuma hewa, na mtu aliyeinama kwenye kona anakosa pumzi bila kujua kimemkuta nini. Ikitoka ikiwa maji, yaani kimiminika, R-22 inachemka kwenye nyuzi 41 chini ya sifuri. Tone likigusa ngozi linaigandisha papo hapo, na kidonda chake ni kama cha moto. Miwani na glavu za ngozi nimekuwekea, nitakuja nazo.

Sasa kazi yenyewe. Anza na kibandiko kilicho ubavuni mwa kila mashine ya nje. Kimechakaa, lakini futa vumbi kwa kitambaa chenye maji usome: kimeandikwa aina ya gesi na uzito wake. Umesema nyingi ni R-22 ila mbili za mwisho kwenye korido zimefungwa juzijuzi. Hizo nina wasiwasi ni R-410A, gesi mpya. Ukichanganya hizi mbili kwenye mtungi mmoja umepoteza zote, kwa sababu hakuna karakana ya kwetu inayoweza kuzitenganisha. Na presha zao si sawa: kwenye nyuzi 30, R-22 inasoma kama paundi 158 kwenye geji ya presha, R-410A inakaribia 260. Mtungi wa R-410A lazima uwe umegongwa mhuri wa kuhimili hiyo presha. Ukikuta kibandiko kimeandikwa R-32 au R-290, iache kama ilivyo mpaka nifike, hizo zinawaka moto na mashine yangu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Zile ambazo kompresa yake, ile pampu ya kusukuma gesi, bado inazunguka ndizo nafuu yako. Funga geji kwenye bomba nene, washa AC kwenye baridi, iache dakika chache itulie. Kisha chukua spana ya pembe sita, funga vali ya bomba jembamba. Kompresa itaendelea kuvuta gesi kutoka ndani na kuirundika kwenye mashine ya nje, na utauona mshale wa geji ukishuka taratibu. Ukikaribia sifuri, bado uko juu yake kidogo, funga vali ya bomba nene na uzime umeme saa hiyohiyo. Usingoje. Mafundi wengi wanaiachia ishuke chini ya sifuri wakidhani ndiyo kumaliza kazi vizuri, na hapo ndipo watu wamekufa. Hozi ikiwa imelegea, au nati imeshafunguliwa, kompresa inavuta hewa. Hewa na oili vikikandamizwa pamoja vinawaka ndani, na lile pipa la chuma linapasuka kama bomu. Mashine ambayo unashuku bomba lake limetoboka usiifanyie hivi hata mara moja.

Zilizokufa kompresa zinahitaji mashine ya kunyonyea, mafundi wa mjini wanaiita rikavari. Hozi moja inatoka kwenye AC inapita kwenye geji na filta, inaingia mashine. Nyingine inatoka mashine inaingia mtungi, na mtungi wenyewe umeshavutwa hewa yote kwa pampu ya vakyumu. Toa na hewa ya kwenye hozi. Hapo utasikia mlio wa mashine ukibadilika: gesi ikija kama maji inagonga, ikija kama mvuke inapumua. Hozi itafanya ukungu mweupe, na mtungi utapata joto. Uweke kwenye beseni la maji baridi au uufunike gunia lililoloa, kazi itakwenda haraka zaidi.

Mshale ukishuka chini ya sifuri utatamani kukunja hozi. Usikunje. Zima, funga, kaa chini kama dakika kumi, angalia geji. Nakuambia utauona ule mshale unaamka, polepole, kama mtu anayeinuka kitandani: sifuri, tano, kumi na tano. Ni gesi iliyokuwa imejificha kwenye oili ya kompresa, sasa inachemka inatoka. Kwenye AC moja hapa Mwanga nilirudia mara tatu ndipo ukalala. Tumbo la kompresa likiwa na umande wa barafu, ujue bado kuna maji ya gesi ndani. Limwagie maji ya uvuguvugu, basi. Sitaki kusikia umelipasha kwa moto.

Na hapa Maganga nikuombe uniwekee akili yako yote, kwa sababu watu wanaona mashine ndiyo muhimu kumbe muhimu ni mizani. Mtungi wa kunyonyea haujazwi kwa kukadiria na mkono. Shingoni umegongwa herufi mbili mbili: WC ni uzito wa maji ambayo yangeweza kuingia humo, TW ni uzito wa mtungi mtupu. Wangu umeandikwa WC kilo 21.6 na TW kilo 12.7. Tunachukua asilimia 80 ya kilo 21.6, ambayo ni kilo 17.3 kwa kukadiria, tunajumlisha 12.7, tunapata kilo 30. Mizani ikisoma 30 tunafunga, hata kama imebaki AC moja tu na bosi wa gesti anapiga kelele.

Ile nafasi inayobaki si ya bure. Gesi ikiwa maji inatanuka kwa joto. Penye nafasi, inatanuka na presha inapanda kidogo kidogo. Mtungi ukiwa umejaa pomoni, maji hayana pa kwenda, na nyuzi chache tu za joto zinatosha kupandisha presha mpaka chuma kipasuke. Nawe unalijua jua la Tabora la Oktoba, kabla mvua haijashuka. Unaweka mtungi chini ya mwembe saa nne asubuhi, saa saba kivuli kimehama, mtungi uko juani na watoto wanaucheza.

Ndiyo maana siogopi kukukatalia ile mitungi ya kutupwa uliyosema umenunua kwa yule wa vyuma chakavu. Ile imetengenezwa kujazwa mara moja kiwandani, ukuta wake ni mwembamba, na ikishaanza kutu haikuambii. Itoboe ikiwa tupu kabisa, uiuze kama chuma.

Kuna AC moja umesema iliungua na inanuka. Gesi yake ina asidi. Itanyonywa mwisho, kwenye mtungi wake peke yake, na oili yake usiishike kwa mkono mtupu.

Sasa la juu ya bati. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini ya gesi za friji na makopo ya kupulizia ikifika juu inalila tabaka la ozoni, lile linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza wakatangaza tundu lake kule Antaktika. Mwaka 1987 nchi zikatia saini Mkataba wa Montreal, na kwa mkataba huo R-22 inaondolewa kwa hatua: nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeiacha karibu yote ifikapo 2030. Gesi mpya kama R-410A haina klorini, lakini inapasha dunia joto, ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali, hapo kwa jirani zetu, zikakubaliana kuipunguza nayo.

Nikupe hesabu ya nyumbani. Kilo moja ya R-22 ikimwagwa angani, joto inaloleta kwa miaka 100 ni sawa na la kilo 1,810 za hewa ukaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua inatoa kama kilo tatu za hewa ukaa. Piga mwenyewe: kilo moja ya gesi ni zaidi ya magunia kumi ya mkaa ya kilo 50. Kila AC yako ina kama kilo moja. Wewe ndiye uliyenilalamikia mwaka jana kwamba miti ya kwenu inakwisha na nyuki wanakimbia, ukanionyesha mizinga ya baba yako iliyobaki mitupu. Sasa dakika zako kumi juu ya bati zinachoma mkaa wa kijiji kizima. Sikulaumu, hata mimi nimemwaga, tena mara nyingi, maana hakuna aliyetuambia. Ila sasa tumeshaambiwa.

Isitoshe ni mali. Umesema bosi anabakiza AC mbili za zamani kwenye vyumba vya nyuma. Gesi safi itakayotoka kwenye zile nyingine tutaipitisha kwenye filta, na siku zile mbili zikipungua unazijazia hiyohiyo, ya kwake mwenyewe. R-22 mpya kila mwaka inazidi kuwa adimu. Mweleze hivyo kabla ya kupatana bei, na uweke kwenye hesabu siku mbili za kunyonya gesi. Akikataa kulipa siku hizo, nipigie niongee naye mimi.

Mashine sitaituma peke yake. Nitapanda garimoshi nije nayo, na mizani, na mitungi mitatu mitupu, mmoja wa R-22, mmoja wa R-410A na mmoja wa ile iliyoungua. Tutafanya mbili za kwanza pamoja, zilizobaki utafanya wewe na mimi nikiwa nimekaa naangalia. Mtafute na yule kijana wako anayesoma chuo cha ufundi cha VETA, naye aje aone mapema.

Kabla sijafika nifanyie mambo mawili tu: piga picha vibandiko vyote tisa unitumie, na umwambie bosi asiruhusu mtu mwingine apande juu ya bati. Nati usiguse hata moja.

Dagaa nitabeba, na mawese ya shemeji lita tano. Wewe nitafutie asali ya miombo, ile nyeusi, kama baba bado anayo.

Wako,
Hamisi